Kufunga ukingo wa kitambaa cha meza: kazi ya mwisho inayoamua bei



Vikundi vingi vya akina mama tunavyotembelea vimeanza kushona vitambaa virefu vya katikati ya meza, vile vya tabaka tatu: kitenge juu, blanketi jepesi katikati, na amerikani chini, halafu vyote vinapigwa mistari ya cherehani ili tabaka zisiteleze. Wengine huviita kwilti. Ni kazi nzuri. Inatumia vipande vinavyobaki kwa fundi, na mama aliyezoea kufuma vitambaa vya viti huielewa upesi.

Lakini tukivitandika vitambaa hivyo mezani tunaona jambo lile lile karibu kila mahali. Katikati ni safi, rangi zimepangwa vizuri, lakini ukingoni ndipo aibu ilipo. Utepe umejikunja, pembe moja ni kali na ya pili imekuwa duara, na pale utepe ulipoanzia pana donge kama fundo la kamba. Mnunuzi hahitaji kuwa fundi ili aone hayo. Anashika kitambaa, kidole gumba chake kinapita ukingoni, kisha anauliza bei kwa sauti ya mtu anayetaka kupunguziwa.

Kikundi kimoja tunachokifahamu kilipata oda ya nyumba ya wageni. Vitambaa vilipokelewa kwa furaha. Baada ya kufuliwa mara chache, utepe ulianza kuachia kwenye pembe na pamba ya blanketi ikachungulia nje. Hakuna aliyekuja kugombana nao. Oda ya pili haikuja tu, na akina mama walibaki wakilaumu soko. Soko halikuwa na kosa. Ukingo ndio sehemu inayosuguliwa, inayokamatwa na kukamuliwa kila siku ya kufua, na ndiyo sehemu inayoshonwa mwisho, jioni, wakati kila mtu amechoka na anataka kumaliza.

Kwa hiyo somo la toleo hili ni la ukingo peke yake. Tutatumia mfano wa kitambaa cha sentimita 40 kwa 150. Utepe wa kupimia wa fundi huwa na inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Hapa tumetumia sentimita ili hesabu iwe rahisi.

Kabla ya kukata utepe

Kwanza fua vitambaa vyote kabla ya kushona chochote. Kitenge kipya kina wanga na amerikani hurudi inapoingia majini. (Jina amerikani limetokana na vitambaa vya pamba vilivyoletwa pwani yetu na meli za Marekani katika karne ya 19.) Ukishona bila kufua, tabaka moja litarudi na lingine litabaki, na kitambaa kitajikunja siku ya kwanza ya kufuliwa.

Chunguza pia rangi. Lowesha kipande cheupe cha nguo, kisugue juu ya kitenge au leso utakayotumia kwa utepe. Kikitoka na wekundu au bluu, fua tena hadi maji yawe safi. Ikiwa rangi bado inatoka baada ya kufua mara tatu nne, tafuta kitambaa kingine. Tunasikia sana habari ya kuloweka kwenye chumvi au siki. Usiitegemee. Rangi isiyoshika kiwandani haitashikishwa na kijiko cha chumvi, na utepe mwekundu ukiharibu amerikani nyeupe ya mteja, hakuna maelezo yatakayomridhisha.

Kuhusu tabaka la katikati, blanketi la pamba ni bora kuliko ile pamba laini ya nailoni inayowekwa kwenye viti. Ile ya viti ni nene, kikombe kinayumba juu yake, na haipendi sufuria ya moto.

Sasa nyoosha kitambaa chenyewe. Ukishamaliza kupiga mistari ya katikati, tabaka zimevutwa huku na huku na kingo hazilingani tena. Tandaza juu ya meza, chora mstari kwa chaki na ubao ulionyooka, kata pande zote nne. Ili kujua kama pembe ni sawa, pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, kisha pima mshazari wa pili. Vipimo vikilingana, na pande zinazotazamana zikilingana, pembe zako ni za mraba. Ndivyo mwashi anavyopima msingi wa nyumba, na sababu ni ile ile: kosa la msingi huonekana paani.

Halafu piga bandi kuzunguka kitambaa chote, nusu sentimita kutoka ukingoni, kwa mishono mirefu ya mkono. Akina mama wengi huruka hatua hii. Tunawasihi msiiruke. Bandi hushika tabaka tatu pamoja ili cherehani isisukume la juu na kuacha la chini nyuma.

Kukata na kuunga utepe

Tumekuta vikundi vinavyokata utepe wote kwa mshazari kwa sababu fundi wa nguo alifundishwa hivyo kwa shingo za blauzi. Shingo ni duara, ndiyo maana inahitaji utepe unaonyumbuka. Kitambaa chetu kina pande zilizonyooka. Kata utepe kwa kunyooka, ukifuata uzi wa kitambaa, kutoka pindo moja la kiwandani hadi la pili. Utaokoa nguo nyingi na utepe hautajivuta. Mshazari tuuache kwa vitambaa vyenye ncha za duara.

Upana wa utepe ni sentimita 7. Urefu tunaupata hivi: kuzunguka kitambaa ni 40 na 150 mara mbili, yaani sentimita 380. Ongeza sentimita 30 za pembe na kuungia, tupate 410. Kitenge kina upana wa karibu sentimita 115, na tukiondoa mapindo ya kiwandani tunabaki na 110 hivi. Tepe 4 zinatupa 440. Maungo 3 ya mshazari yatakula 7 kila moja, jumla 21. Zinabaki 419, zinatosha. Kwa hiyo unahitaji kipande cha kitenge cha sentimita 28 tu kwa upana wake wote.

Onyo moja kuhusu leso. Pindo la leso linavutia kwa sababu tayari ni mstari mrefu mzuri. Lakini mara nyingi maua yake yamechapwa yakiwa yameenda upande kidogo, hayafuati uzi. Ukikata kwa kufuata maua, utepe utajipinda kama kamba. Vuta uzi mmoja utoke, uone mstari wa kweli uko wapi, kisha uamue.

Kuunga tepe mbili: weka ya kwanza mezani uso juu, imelala kutoka kushoto kwenda kulia. Weka ya pili juu ya ncha yake ya kulia, uso chini, ikining'inia kukuelekea. Zitafanya mraba mdogo zinapokutana. Shona mshazari ndani ya mraba huo, kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia. Kabla ya kukata, fungua uone kama utepe umenyooka. Ukikosea upande utapata kiwiko. Ukiridhika, kata inayozidi ukiacha nusu sentimita, na upige pasi maungo yakiwa yamefunguliwa. Muungo wa mshazari hugawanya unene, ndiyo maana hauonekani kama donge.

Utepe wote ukishaungwa, kata ncha moja ya mwanzo kwa mshazari, kunja ukingo wake wa mshazari kwa ndani sentimita moja na upige pasi. Halafu kunja utepe wote katikati kwa urefu, uso ukiwa nje, upige pasi tena. Sasa una utepe wa tabaka mbili wenye upana wa sentimita 3 na nusu. Tabaka mbili ndizo zitakazovumilia kufuliwa. Utepe wa tabaka moja huchanika mapema. Kwa wenye pasi ya makaa, puliza jivu nje ya nyumba kwanza, na weka kitambaa chenye unyevu juu ya kazi. Cheche moja ndogo inatosha kuwarudisha sokoni.

Kushona kwa cherehani

Jaribu cherehani kwanza kwenye kipande cha kutupa chenye tabaka zote pamoja na utepe. Ongeza urefu wa mshono hadi upate mishono 3 au 4 katika kila sentimita. Mishono midogo sana hukata nguo nene na hukufanya ulie siku ya kufumua. Bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, sentimita 1 kutoka sindano, ili macho yako yafuate plasta, yasifuate sindano.

Anza kwenye upande mrefu, mbali na pembe. Weka utepe juu ya uso wa kitambaa, kingo zake mbili zisizokunjwa zikilingana na ukingo wa kitambaa, na mkunjo ukielekea katikati. Acha sentimita 15 za mwanzo bila kushona. Kisha shona sentimita 1 kutoka ukingoni.

Hapa ndipo ukingo unapoharibika bila mtu kujua. Ukivuta utepe unaposhona, utataka kurudi baadaye na kitambaa kitajikunja kama bakuli. Ukivuta kitambaa badala yake, ukingo utafanya mawimbi. Usivute chochote. Mikono iongoze tu, na kitambaa chote kiwe kimelala mezani. Kikining'inia kwenye magoti, uzito wake utakivuta hata kama wewe huvuti. Kwa hiyo wale wenye cherehani ndogo wasogeze stuli au meza nyingine pembeni.

Pembe

Tuende polepole hapa. Afadhali mmoja asome na mwingine afanye.

Unapokaribia pembe, simama sentimita 1 kabla ya mwisho wa kitambaa. Pima, weka alama kwa pini kabla hujafika. Rudi nyuma mishono miwili mitatu, kata uzi, toa kitambaa kwenye cherehani. Kigeuze robo mzunguko, ili upande mpya uwe mbele yako tayari kushonwa.

Sasa kunja utepe uende juu, mbali na kitambaa, uwe mstari mmoja ulionyooka na ukingo wa upande mpya. Utaona mkunjo wa mshazari umejitengeneza pembeni. Ushike kwa kidole. Halafu rudisha utepe chini juu ya mkunjo huo, ulale kwenye upande mpya. Mkunjo wa pili, ule wa juu, ulingane sawasawa na ukingo uliotoka kuushona, usizidi na usipungue. Choma pini. Anza kushona kutoka juu kabisa kwenye mkunjo, endelea hadi pembe inayofuata, ukirudia hivyo hivyo.

Pembe inayotoka duara, mara nyingi ni kwamba mshonaji alipitiliza hakusimama sentimita 1. Yenye tundu, alisimama mapema mno. Fumua mishono ile michache tu kwa wembe na urudie. Ni kazi ya dakika tano. Mkiiacha, itawatazama kila mara kitambaa kikitandikwa.

Ukirudi ulikoanzia, kata ncha ya mwisho ili izidi ile ya mwanzo kwa sentimita 3 hivi. Fungua mwanzo uliokunjwa mshazari, ingiza mwisho ndani yake kama barua ndani ya bahasha, funika, lainisha, kisha umalizie kushona. Ile sehemu ya mshazari utaifunga kwa mkono baadaye.

Mgongoni ni kazi ya mkono

Geuza utepe kuelekea mgongoni. Mkunjo wake unatakiwa ufunike mstari wa cherehani na kupita kidogo tu. Usipofika, blanketi lako ni nene. Wakati mwingine kata utepe wa sentimita 7 na nusu.

Wapo wanaomaliza kwa cherehani, kupiga mstari mmoja kutoka mbele. Kwa kitambaa cha kutumia jikoni hatuna ubaya na hilo. Kwa kitambaa cha kuuza kwa bei nzuri, sisi tunasema shona kwa mkono, kwa sababu mstari wa cherehani ukipotea kidogo mgongoni utashika mahali na kuacha mahali, na hapo ndipo utepe wa ile nyumba ya wageni ulipoachia.

Tumia uzi wenye rangi ya utepe, urefu wa dhiraa moja, yaani kiwiko hadi ncha ya kidole. Uzi mrefu zaidi hujifunga mafundo. Upitishe juu ya kipande cha mshumaa, utateleza vizuri na kudumu. Ficha fundo ndani ya utepe. Toa sindano kwenye mkunjo, ichome kwenye amerikani mkabala na hapo hapo ilipotokea, ipite ndani ya blanketi nusu sentimita, itoke tena kwenye mkunjo. Uzi unaoonekana nje ni nukta tu. Sindano isitokee usoni: kila baada ya mishono michache geuza uangalie. Baada ya kila shibiri moja, rudia mshono mmoja mahali pale pale, ili uzi ukikatika siku moja usifumuke wote.

Kwenye pembe, lala upande mmoja kwanza, kisha ukunje wa pili juu yake upate mshazari mgongoni pia. Ukiweza, mkunjo wa mgongoni ulale kinyume na ule wa mbele ili unene usirundikane. Funga mshazari wa pembe kwa mishono mitatu minne, mbele na nyuma. Pembe nne, mishono michache, lakini ndiyo inayozuia pamba kuchungulia.

Mkono huu unalipwa?

Tufanye hesabu. Kwa mishono 2 kila sentimita, kuzunguka sentimita 380 ni mishono 760 ya mkono. Mama wengi huipeleka nyumbani na kuifanya usiku baada ya watoto kulala. Na kwa kuwa hakuna aliyemwona, kikundi hakiiandiki kwenye daftari.

Chukueni mfano huu, na mweke bei za soko lenu. Nguo, blanketi na uzi shilingi 300. Cherehani saa 3, kwa shilingi 100 kila saa, ni 300. Kikundi kinajumlisha 600, kinauza kwa 700, kinafurahia faida ya 100. Lakini yule wa mkono alikaa saa 3 pia. Gharama ya kweli ni 900. Kwa hiyo kila kitambaa kilichouzwa, mama huyo amekitolea shilingi 200 kutoka mfukoni mwake bila kuulizwa, na mara nyingi yeye ni mjane au mzee asiyeweza kukanyaga cherehani.

Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba kukubaliana tu mshahara hakutoshi. Malipo yasiwe madogo kiasi cha kumshinda mfanyakazi kuishi. Tunapenda kuyasoma maneno hayo tukiwafikiria wenye mashamba na viwanda. Yanatuhusu na sisi wenye daftari la kikundi. Katika Matendo ya Mitume sura ya 9, wajane wa Yopa walimwonyesha Petro nguo alizoshona Tabitha, na jina lake tunalijua hadi leo. Je, katika kikundi chenu, aliyefunga ukingo anajulikana kwa jina?

Njia moja tuliyoona ikifanya kazi ni kuandika saa za kila mtu kwenye kikaratasi kinachofuatana na kitambaa kutoka mkasi hadi pasi ya mwisho. Bei inapangwa baada ya kusoma kikaratasi. Wengine wamegundua kwamba bei yao ilikuwa ya kutupa, wakaipandisha. Wengine wameamua vitambaa vya bei ya chini vifungwe kwa cherehani, na vya mkono viuzwe peke yake kwa wanaojua tofauti. Yote mawili ni sawa, mradi mumeamua mkijua hesabu.

Kazi ya kikundi kabla ya toleo lijalo

Leteni vitambaa vitatu vilivyokwisha kushonwa, vya watu tofauti, bila majina. Pitisheni kidole ukingoni macho yakiwa yamefumbwa. Mlihisi donge wapi, na lilitokana na hatua gani?

Mmoja afunge ukingo kwa mkono huku mwingine akiangalia saa. Ni saa ngapi kwa kweli? Linganisheni na mlivyodhani.

Fungueni daftari la mauzo ya miezi mitatu. Saa za mkono zimeandikwa? Kama hazimo, nani anadaiwa, na kikundi kitaanza kumlipa lini?